Ombi la Kurudishiwa Mvumo wa Kaseti

Hewa Bora, Lubumbashi

Kwa Myriam, mtoto wa dada yangu na fundi wa sauti,
Kasapa, chuoni

Mpwa wangu mheshimiwa,

Baada ya salamu, nakuletea malalamiko haya kwa heshima na masikitiko. Ulipokuja Pasaka uliisikiliza kompyuta yangu ukasema inaimba kama mtu aliyejifunika blanketi. Ukaichomekea kale kasanduku ka kusafisha sauti, ukanakili upya kaseti ya kwaya yetu ya parokia ya mwaka 1987 bila kuibana sauti ili faili liwe dogo, ukasogeza spika mbali na ukuta, zikawa usawa wa masikio. Nilikushukuru. Leo naomba kuziondoa shukrani hizo, kwa sababu zifuatazo:

1. Ulisema kiti changu na spika mbili vifanye pembetatu. Kabati la vyombo limehamia chumbani, na jirani yangu Osée, anayekaa nje ya pembetatu, analalamika kwamba anapewa nusu ya wimbo.

2. Sauti ni safi mno. Tangu mwaka ule nimewaambia watu kwamba anayepotea katika ubeti wa tatu ni Chomba. Kwa kosa hilo mimi, mwalimu wa kwaya, nilimwondoa kwenye sauti ya kwanza, naye akaacha kuimba kabisa. Jumapili, mbele ya wageni wanne, sauti iliyopotea ilitoka peke yake katika spika ya kushoto. Osée akasema: "Baba Anaclet, ile sauti njo yako." Nikalaumu waya. Tukabadilisha waya. Nikapotea tena, safi zaidi.

3. Habari zikaenea. Mama Sephora akaleta kaseti ya harusi yake. Kwa miaka ishirini ameamini kwamba wakati wa mahubiri bwana wake alilia kwa furaha. Kumbe alikoroma. Tangu Jumatatu bwana huyo anakula kwetu.

4. Kwa hiyo jambo limepita nyumba yangu. Sasa ni usalama wa mtaa. Kila familia ikianza kusikia vizuri ilichosema zamani, Hewa Bora nzima itataka kuungama, na padri tunaye mmoja.

Nakuomba basi uje Jumamosi uchomoe kasanduku, urudishe spika ukutani, na ikiwezekana uongeze mvumo kidogo juu ya ubeti wa tatu.

Msalimie mama yako, wenzako wa chumba, na yule Stéphane ambaye bado hujatuambia ni nani.

Mimi mjomba wako, mtiifu kwa sayansi, ila kwa kiasi,

Anaclet

P.S. Barua ilikuwa haijafungwa nilipokwenda kwa Chomba kumwomba msamaha. Alivaa viatu, akaja kusikiliza mwenyewe. Ubeti wa tatu ulipofika alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema: "Rudisha mwanzo." Kabla ya wimbo, pale tulipozoea kusikia mvumo tu, kuna sauti ya marehemu mke wangu Germaine, chinichini: "Anaclet, pumua kwanza." Chomba aliisikia kabla yangu. Tumeirudia mara tisa. Usiguse kitu. Ukuje tu kula.