Msumari Kwenye Amplifaya ya Pasaka

Jumanne, 31 Machi 2015

Amplifaya ya kwaya imezimika tena. Fyuzi! Mzee Cirillo, kiongozi wetu wa kwaya, karibu alie. Vita vilipoanza hapa Juba aliibeba mashine hii kichwani, godoro akaliacha nyumbani. Anasema Pasaka ni Jumapili, na kanisa la jirani lina spika kubwa, watatufunika.

Nikajitolea. Nani mwingine? Nilisomea ufundi wa redio kule Adjumani, Uganda, karibu mwezi mzima. Nikamwambia kwa heshima kwamba sauti ikitoka Jumapili, wazee wangu waje kwake kumzungumzia binti yake Rebecca. Mzee alinitazama sana. Akasema sawa, lakini sauti kwanza.

Amesema sawa! Nampenda Rebecca mpaka chakula hakishuki. Ugali nimemaliza, lakini bila furaha.

Jumatano, 1 Aprili

Nimeweka fyuzi mpya. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kazi nusunusu, nimeongeza spika nne juu ya zile mbili. Moja nimeielekeza kwa jirani, wapate habari. Nikawasha. Utukufu kidogo, kisha kimya. Fyuzi nyeusi tii.

Konga akapita. Huyu anapakua mizigo uwanja wa ndege, na lile jaketi lake la kung'aa halivui hata kwenye Komunyo. Naye anamtaka Rebecca, mtaa wetu mzima wa Munuki unajua. Akasema spika sita ni mzigo mkubwa kwa mashine ndogo, na fyuzi ikikatika inakuonya. Sikumwuliza! Nikamjibu kwamba fyuzi haina mdomo.

Alhamisi, 2 Aprili

Fyuzi za soko la Konyokonyo ni feki. Nimeweka ya pikipiki, kubwa zaidi. Imekatika. Nikaizungushia karatasi ya pakiti ya sigara. Imeungua, na kidole changu pia.

Rebecca alikuwa anafagia kanisa. Akauliza kwa nini nisitoe spika kadhaa. Nikacheka kwa upole. Mtoto wa watu, umeme ataujulia wapi? Akaondoka akitikisa kichwa. Hata kichwa anakitikisa vizuri!

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Leo hakuna kupiga vyombo. Nilikuwa kwenye ibada, namtazama Bwana msalabani, ndipo jibu likanijia. Msumari! Nani amewahi kuona msumari umekatika kwa umeme? Nisamehewe, lakini wazo ni wazo.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimeukata msumari, nikaupachika mahali pa fyuzi. Umekaa kama umezaliwa humo. Nimejaribu kwa sauti ndogo tu, maana petroli ya jenereta ni adimu kuliko nyama. Haikuzimika! Mashine ilipata joto, hiyo ni nguvu inaingia. Konga akanusa hewa, akauliza nini kinaungua. Wivu wako, Konga!

Nimempigia simu baba mdogo Wani. Suti ipigwe pasi.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Kanisa limejaa hadi nje. Kwaya ikasimama, Rebecca mbele. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Ubeti wa kwanza, tamu! Jirani wakanyamaza kabisa. Ubeti wa pili, amplifaya ikapasuka. PAA! Moshi.

Mlio kama wa bunduki, Juba hii, mwaka huu? Kanisa zima chini. Padri nyuma ya altare, akina mama juu ya watoto wao, Mzee Cirillo chini ya benchi. Mtu akapiga kelele kwamba wamefika. Aliyebaki wima ni mimi peke yangu, mkono kwenye kitufe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza nani kafanya.

Mama mmoja alilia hata baada ya kuambiwa ni mashine tu. Hilo liliniuma, sitaficha.

Konga akachomoa waya, akaimwagia mashine mchanga, akaanza kuinua wazee. Kisha Rebecca, vumbi bado magotini, akaimba bila mashine. Watu wakainuka polepole, wakamfuata. Nasikia walisikika mpaka barabarani. Bila spika hata moja! Bahati ya upepo.

Jumatatu, 6 Aprili

Mzee Cirillo kaniita. Amplifaya ilikuwa mapajani pake, tumbo lote limeungua. Akaniuliza, "Kijana, wewe iko na kichwa?" Nikamhakikishia kwamba ninacho.

Akasema Konga ameomba kuleta wazee wake, na Rebecca amekubali. Rebecca mwenyewe! Watakuja Jumamosi, wazee watatu tu, waongee polepole, maana ua ni mdogo na kichwa bado kinamwuma.

Watatu! Malesh, pole sana Konga, umekwisha. Nimekaa nimetafakari kosa langu, nimeliona waziwazi: nguvu haikutosha. Ijumaa natangulia mimi. Wazee ishirini na wawili, ngoma mbili, na baba mdogo Wani anajua mtu mwenye tarumbeta.