Mbu wa Jaffar Ndani ya Chandarua Changu

Jumatatu, 5 Mei
Dhuluma! Daktari Rispah, mtafiti wa mbu, ameweka sanduku lake juu ya paa la jirani yangu Jaffar. Si kwangu! Ndani mna mbu waliotiwa bakteria fulani mwilini. Asema bakteria hao humzibia njia kirusi cha homa ya dengi, na mbu jike huwarithisha wanawe kupitia mayai. Alieleza na mengine, sikuyasikiliza. Nilikuwa namtazama Jaffar akitembea mtaani kwetu Kibokoni kifua mbele. Mwaka jana dengi ilimlaza mke wangu Swafia siku tisa, akilia maumivu ya viungo. Jaffar hakuumwa hata kichwa!

Alhamisi, 8 Mei
Nimefaulu! Baada ya Alasiri, Jaffar yuko barazani na kahawa yake, nimeruka ukuta wa paani. Mbu wote ndani ya chupa ya achari! Nimewamwaga ndani ya pipa letu la paani lenye viluwiluwi tele, nikafunika kwa chandarua. Wakue, waoane! Ukoo wa mbu wema, na mwanzilishi ni mimi. Swafia auliza chandarua kiko wapi. Kwa dobi, nimesema.

Jumatano, 14 Mei
Viluwiluwi wa pipani wamekuwa mbu tangu Jumamosi. Wanataka damu. Nimeingiza mkono kila siku, dakika kumi, nikivuta uradi. Umefura kama andazi. Lakini mayai! Meusi, mamia, ukingoni mwa pipa! Jaffar alalamika mbu wake wamepotea. Nimempa pole.

Jumanne, 20 Mei
Msiba. Hata yai moja halijaanguliwa. Nimeyapepea, nimeyasomea dua. Kimya. Swafia amepanda kuanika nguo, akakiona chandarua. Amempigia simu Daktari mwenyewe!

Alhamisi, 22 Mei
Ushindi! Daktari alichungulia pipani, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akakunja uso.
“Mzee Hussam, huu ni wizi. Na niliwaambia siku ile, sanduku lile lilikuwa la madume matupu.”
Kumbe dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye nao, mayai hufa. Madume yake yaliyazidi madume ya pipani kwangu kwa wingi. Nimefuta kizazi kizima! Akakagua nyumba zote za uchochoro wetu. Kwa Jaffar, viluwiluwi ndani ya vyungu vya maua. Kwangu, hakuna hata mmoja! Jaffar alikuwapo, alisikia.
Jioni Swafia alikaa barazani bila kujipiga miguu. Akaniambia, “Leo sijaumwa na mbu hata mara moja, baba.” Nilijifanya naangalia mlango.

Ijumaa, 23 Mei
Daktari amenisihi nisiguse tena kiumbe chochote bila kumuuliza. Mara tatu, Swafia shahidi. Nimekubali kwa moyo safi.
Lakini kunguru wa mtaa huu hunichafulia kanzu kila Ijumaa. Wawili nimeshawafungia bafuni, nawafunza adabu. Swafia yuko nje ya mlango na taulo lake. Nimemwambia asubiri, hii ni sayansi.