Boti ya Chaki Mbele ya Duka la Dawa

Habari ililetwa kwenye benchi letu la kahawa na Redio, kinyozi wetu. Kasoma kwenye simu kwamba mtu na mkewe wameuza nyumba na sasa wanaishi kwenye boti ya tanga, leo bandari hii, kesho ile. Habari za Redio huwa tunazipokea kwa tahadhari, maana juzi tu alimzika kocha wa mpira ambaye jioni hiyohiyo alikuwa anahojiwa. Lakini hii ilimgusa Klachi.

Klachi ni mwalimu mstaafu wa udereva; nusu ya madereva wa mji huu wamegombezwa naye na kushikiwa breki kutoka kiti cha pembeni. Akaweka kikombe chini, akasema na yeye yuko njiani. Kesho anampa wakala wa boti jibu. Zipo boti mbili: ya futi thelathini na mbili, na ya futi hamsini.

"Shemeji anasemaje?" nikamuuliza.

"Wiki nzima nimemweleza. Kanyamaza."

"Mke akinyamaza wiki nzima hajakubali, ndugu yangu. Anapanga."

Tulicheka, yeye hakucheka. Akasema miaka yote ya ndoa alishinda kwenye gari na watoto wa watu, jioni akashinda hapa na sisi. Siku zilizobaki anataka akae na mkewe. "Asipopanda, sina safari. Ndiyo maana nataka kubwa, aingie aone ni nyumba."

Randa, seremala, akatoa futi mfukoni na kipande cha chaki sikioni. Boti haichaguliwi kwa mdomo, akasema, akaanza kuichora barabarani kwa vipimo vyake kamili, ile ndogo kwanza. Tukaingia wote. Magoti yangu yakagusana na ya Redio, na mama wa kahawa akalalamika kwamba jiko lake la mkaa limeangukia chooni mwa boti.

Hapo ndipo tulipoharibu. Redio alidai kitanda, kwa sababu wakitia nanga mahali atawafuata kuwanyoa. Randa akajikatia karakana, maana mbao haziaminiki baharini. Mimi, sitaki uongo, nilidai dirisha na mahali pa kunyoosha goti langu bovu. Chaki ikazidi kusogea. Ilipofika futi hamsini, omo, yaani pua ya boti, ilikuwa imeziba mlango wa duka la dawa, na mwenye duka akatoka kuuliza wagonjwa wapite wapi.

"Waogelee," Redio akamjibu.

Shemeji akatutokea katikati ya vicheko, kikapu mkononi. Tukasimama wima kama darasa lililofumaniwa. Akaizunguka boti polepole, akaonyesha kwa kidole.

"Hiki nini?"

"Kitanda cha Redio," akasema Klachi.

"Na hiki?"

"Karakana ya Randa."

"Mimi nalala wapi?"

Watu wazima wanne tukaitafuta nafasi yake kwenye chaki. Tulikuwa tumempa kila mtu nafasi, hata goti langu, shemeji tukamsahau.

Klachi akajaribu bahati. "Popote upendapo, mama."

"Haya. Usiku umeteleza, umeanguka majini. Nani anageuza chombo kuja kukuokota?"

"Wewe."

"Kwa hili dude?" Akaweka kikapu chini, akafungua viganja. Vilikuwa na malengelenge mekundu ya kamba. Kumbe kila asubuhi, wakati mumewe anapasha benchi letu joto, yeye alikuwa kwa wakala, anajifunza. Tanga la ile ndogo analipandisha mwenyewe, na kuigeuza anaigeuza. Ile kubwa ilimburuta mpaka wakala akamshika kiuno.

"Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukutia moyo kabla sijajua kama nitaweza," akamwambia. "Nimeweza. Lakini sitakuacha majini kwa ajili ya kitanda cha kinyozi."

Klachi alijifuta macho na kusingizia moshi wa mkaa. Hatukumbishia.

Shemeji akaanza kufuta chaki kwa soli ya kiatu. Karakana ikaondoka, kitanda kikaondoka, dirisha langu likaondoka, duka la dawa likafunguka. Tukajikuta tumesimama nje, na hakuna aliyethubutu kukanyaga mstari. Redio akauliza wageni watalala wapi.

"Gatini. Na mje na blanketi zenu."

Kisha akavuta kigoda nyuma, penye usukani, akakaa. Klachi akaingia kwa adabu, akaketi ubavuni kwake, upande uleule aliokalia maisha yake yote ya kazi. Nikaona mguu wake wa kulia unapapasa sakafu ya chaki, unakanyaga mara ya kwanza, mara ya pili.

Shemeji naye aliuona.

"Toa mguu, mwalimu," akasema. "Humu huna breki."