Honi ya Msiba Ndani ya Gari Nililouziwa

Mtaa wa Kebena Chini,
Addis Ababa.

Kwa Gashe Zewdneh,
Mwenyekiti wa Chama cha Kufa na Kuzikana cha Mtaa wetu.

YAH: GARI DOGO KUUKUU, HONI YAKE, NA UCHUMBA WANGU ULIOVURUGIKA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi, na pole kwa msiba wa Jumapili, ambao haukuwapo.

Mimi ni mzima. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya jambo lingine lolote, maana leo asubuhi mama mmoja amenikamata sokoni, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akasema, "Ashagre mwanangu, kumbe ni wewe!" Kisha akanidai dengu alizoleta kwenye matanga yangu.

Kwa heshima zote nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Mimi ni mwalimu wa jiografia na ni mgeni katika mtaa huu. Nilipohamia nilimkuta Gashe Demelash (Gashe, kama mnavyowaita kwa heshima wanaume wakubwa hapa), mpiga tarumbeta wa chama chako, akiuza gari lake, saluni ya bluu iliyowahi kuwa teksi, na aliiuza kwa bei ya kutupa. Nilishangaa kuona hakuna jirani aliyeitaka, nikadhani wana wivu tu. Gashe Demelash alinizungusha mjini kulijaribu, akawa anakata kulia, kulia, kulia tena, mpaka tukarudi pale pale tulipoanzia. Mimi nikaona huo ni uungwana. Nikasaini, tukanywa kahawa raundi zote tatu, mkewe akanitakia maisha marefu. Nikaingia mkenge huku nashukuru!

2. Siku ya pili nikakata kushoto. Loo! Gari likatoa mlio mrefu wa kunung'unika, na kabla sijanyoosha usukani wanawake wanne walikuwa wameshatoka majumbani, shuka zao za netela wamezigeuza pindo likae usoni kama inavyopaswa msibani, wakiniuliza, "Nani tena? Nani?" Ndipo nikaelezwa. Kumbe miguu ilipomchoka Gashe Demelash kuzunguka alfajiri na tarumbeta akitangaza vifo, alinunua gari hili, akalifungia honi yenye sauti ile ile ya tarumbeta, akawa anatangazia humo ameketi. Mtaa mzima umezoea. Watoto wachanga wakiisikia wananyamaza.

Utasema, si uing'oe? Nimekwenda kwa fundi. Amefungua, amechungulia, ameguna. Anasema nyaya za honi zimefungamana na za taa, za taa na za breki, na yeye ana familia. Kuhusu kwa nini inalia ukikata kushoto tu, alisema nimshukuru Mungu hailii na nikikata kulia.

Sasa naenda shuleni kwa kukata kulia tu. Napita nusu ya jiji. Mzunguko wa barabara kuu ndio siuthubutu kabisa, maana hapa kwetu magari hupita upande wa kulia, na pale unakata kushoto mpaka utoke, na mara ya mwisho maafisa wa usalama barabarani walivua kofia.

3. Lalamiko hili linakuhusu wewe binafsi, Gashe, na usinione mtovu wa adabu. Chama kilipompa Demelash kipaza sauti, honi ilistaafu. Mbona hukuwatangazia wanachama? Mtu akistaafu anafanyiwa sherehe na wenzake wanajua. Honi imestaafu kimya kimya, matokeo yake mimi ndiye ninayevuna machozi ya watu.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wewe na kila mtu mnajua kwamba tangu nihamie moyo wangu uko kwa Bi Aselefech, dada yake Yirdaw mwenye kinu cha kusaga. Kila nikimsalimia hujibu, "Salama, mwalimu," akaendelea na shughuli zake. Jumapili nikapata wazee watatu waniombee posa kama desturi inavyotaka, nikawapakia garini. Lango la akina Yirdaw liko upande gani wa barabara? Kushoto.

Nikakata. Honi ikalia, na safari hii ikanasa. Haikuacha.

Mwenyekiti, mzee Mengesha alikuwa kiti cha mbele. Alijua kabisa ni honi, aliona mkono wangu ukikata usukani, lakini masikio yake ni ya mwanachama wa siku nyingi, na yeye akaanza kulia. Wale wa nyuma wakamsikia, nao wakalia. Wakashuka wakifuta machozi kwa mashuka yao. Yirdaw akatoka mbio, "Kuna nini? Nani kafa?" Mzee Mengesha akajibu kwa kwikwi kwamba hakuna aliyekufa, wamekuja kuomba. "Kuomba nini, jeneza?"

Wakati huo mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, kichwa chini ya usukani, navuta waya huu na ule, miguu yangu miwili imetokeza mlangoni. Watu wakafika, wakaiona ile miguu. Mtu mmoja akapaza sauti, "Jamani, ni Ashagre! Ni mwalimu!" Nilijibu kwamba mimi sijafa, ila nani angenisikia na honi ile? Nilipofanikiwa kuinyamazisha na kuinuka, vijana wako walikuwa wameshasimamisha hema, masufuria yamekuja, mama wawili wakazimia kwa kuniona, na Yirdaw akafunga lango. Wazee wangu walibaki nje bila hata kualikwa waketi. Bi Aselefech sikumwona hata kivuli chake.

Uso wangu nitauweka wapi? Nina umri wa kuwazaa watoto ninaowafundisha. Mwanamke mmoja tu nimemtaka katika mji huu, na nimempelekea posa kwa honi ya mazishi. Inauma, Gashe. Usiku sili, mchana sifundishi.

5. Vijana walioleta hema wameliegemeza kwenye gari, limekwaruzika.

Kwa hiyo naomba:

(a) Chama kitangaze rasmi kwamba honi ya saluni ya bluu si kifo.

(b) Hilo likishindikana, Gashe Demelash alichukue gari lake na aende yeye kwa Yirdaw akaeleze.

(c) Hilo nalo likishindikana, wanachama wanaotarajia kufariki watoe taarifa kwa maandishi mapema, siku za kazi, ili pasiwe na sababu ya kutegemea honi.

(d) Na kama hata hilo ni gumu, basi chama kinihesabu marehemu moja kwa moja. Nimeshaliliwa, nimeshawekewa hema, dengu zimeshaletwa. Sioni kwa nini niendelee kutoa mchango wa kila mwezi kwa huduma niliyokwisha kuipata.

Nisalimie mkeo, katibu, mweka hazina, vijana wa hema, na mzee Mengesha ukimkuta ameacha kulia. Gashe Demelash usimsalimie.

Wako aliye hai, na aombaye ijulikane hivyo,

Ashagre Wondafrash

T.B. Gashe, tafadhali ichane barua hii. Honi isiguswe na mtu yeyote, na Gashe Demelash msalimie sana, tena mbusu mabega. Yirdaw ameondoka hapa kwangu sasa hivi. Anasema ile sauti ya "Ni Ashagre!" ilipofika jikoni, Bi Aselefech alitokea mlango wa nyuma bila viatu, akaanguka uani, akaniomboleza kwa jina mbele ya wanawake wote. Alisifu mwandiko wangu. Alisifu hata ninavyotembea! Alipoambiwa nipo hai alijifungia chumbani kwa aibu, na leo ndiyo ametoka akamwambia kaka yake, "Mwite mwalimu na wazee wake. Nimeshamlilia kama mjane, mtaa mzima umenisikia. Siwezi kuja kumlilia mara ya pili bila kuolewa naye hata mara moja."