Mahabusu Asiye na Malalamiko

Ilitangazwa rasmi, kwa vipaza sauti na matarumbeta, kwamba Idara ya Mizani imemaliza kabisa ugomvi kati ya haki za mahabusu na usalama wa taifa. Kilichobaki ni kuwajulisha wanafunzi.

Ndipo Bwana Castory, Mkuu wa Idara, akasimama mbele ya kidato cha nne wa sekondari ya Makole, suti imemkaa, harufu ya pilau la wageni ikimjia toka jikoni.

"Kila asubuhi tunamuuliza mahabusu: habari za humo? Akijibu nzuri, haki imetendeka. Na wote hujibu nzuri!"

Msichana mmoja, Swaumu, akasimama. "Shikamoo, mzee. Kaka yangu Hamza wa bodaboda mmemshika tangu Ramadhani. Alipakia abiria aliyepiga picha jengo la serikali. Mama halali."

"Marahaba, mwanangu. Tumemuuliza jana. Kasema nzuri."

Darasa likanuna. Castory akaona somo halijaingia, akaamua kulifundisha kwa vitendo. Mahabusu angekuwa yeye mwenyewe, maana mwanafunzi angeigiza ovyo na kuiaibisha Idara. Akamkabidhi Swaumu simu yake, kwa sababu za kiusalama, akaingia stoo ya majembe. Swaumu akafunga kufuli, ufunguo akabaki nao.

Baadaye kidogo Swaumu akaja dirishani. "Shikamoo, mzee. Habari za humo?"

"Marahaba. Nzuri," akajibu Castory, kwa kuwa alilelewa vizuri. "Ila..."

"Tunashukuru. Mahabusu hana malalamiko."

Akaenda zake. Stoo ilikuwa na joto, na panya asiyejua vyeo. Mara zikasikika sahani. Watu wanakula! Castory akaapa kwamba mtoto yule akirudi atamtolea ya moyoni.

"Habari za humo, mzee?"

"Nzuri!" Akajipiga mdomo. "Hapana! Mbaya! Mimi nina haki zangu!"

"Zipo, mzee. Bado tunazipima na usalama wa shule."

Maji yakamfika shingoni. Akaomba simu. Swaumu akabonyeza namba ya kituo aliyotajiwa, akaisogeza kwenye nondo bila kuiachia.

"Castory hapa! Yule Hamza wa bodaboda, mwachieni sasa hivi." Akasikiliza, jasho likimtiririka. "Najua anasema nzuri! Hata mimi huku nasema nzuri! Mfungulieni!"

Swaumu akaikata simu kwa adabu.

"Ahsante, mzee. Akifika nyumbani, mama atamuuliza habari mwenyewe, kisha atanipigia nije kukufungulia. Pilau tumekubakizia ukoko."