Malalamiko Juu ya Paka wa Kiajemi Asiyetaka Panya

Nyakisasa, Ngara
Machi 1995

Kwa Mama Mratibu wa Shirika la Misaada,

Shikamoo. Mimi ni Abeli, mjukuu wa Bibi Speciose, kijana msomi kuliko wote kuanzia hapa Nyakisasa hadi Nemba. Darasa la sita nimelisoma mara mbili, wakati mwalimu wangu alilisoma mara moja tu. Kwa hiyo barua hii usimpe mkalimani, hataiweza.

Nalalamika juu ya yule mtoto wa paka wa Kiajemi uliyenipa paka wako alipozaa.

1. Hagusi panya. Nilikuomba paka ili alinde chungu cha maharage ya mbegu ya Bibi. Panya wakipita, yeye anafumba macho kama mheshimiwa mkutanoni. Sasa chungu kitupu, mvua zimeanza, na Bibi hana cha kupanda. Kosa ni lako. Bibi alikuletea kuku, maana kwetu paka wa bure hashiki panya. Wewe ukacheka, ukamrudisha kuku.

2. Uso wake umebonyea kama aliyekimbia akagonga mlango. Jirani yetu Laurian aliniuliza kisimani, mbele ya wasichana, "Abeli, hiyo umeleta paka au kofia?" Heshima yangu yote ikaishia pale.

3. Dagaa akipewa anawafukia, kama amejisaidia yeye. Anataka samaki wa kopo, kitu ambacho Bibi hajawahi hata kukinusa.

4. Ulinipa na karatasi yake yenye mhuri, inataja baba yake, babu yake, hadi baba wa babu. Mama Niragira, mkimbizi wa kambini kwenu, alivuka mpaka na watoto wanne. Hakuwa na karatasi, akanyeshewa nje ya seng'enge mpaka mlipoamini kwamba yeye ni yeye. Paka huyu hajawahi kukimbia hata mbwa, lakini ukoo wake unajulikana!

Kwa hiyo naomba paka apewe kadi ya mgao, awe mkuu wa kaya. Mimi na Bibi tuandikwe chini yake kama wategemezi, na Mama Niragira na wanawe waingie kama wapwa zake. Kwa kuanzia, tupatieni debe moja la maharage ya mbegu. Ikishindikana, njooni mmchukue, mtuletee mwenye ukoo mbaya anayekula panya.

Nisalimie walinzi, madereva, mpishi, na mama yake paka. Mwambie mwanawe hajambo, ila hana kazi.

Ni mimi, mlalamikaji wako mwenye adabu,
Abeli

N.B. Usije kumchukua. Panya hawakula zile mbegu. Siku paka alipofika alikataa chakula, akalia, akaingiza kichwa kwapani mwangu. Nikawa nachota maharage kidogo kidogo, nampelekea mpishi wako, ananipa samaki wa kopo, mpaka chungu kikaisha. Debe naliomba kweli. Bibi kila asubuhi ananoa jembe akiwalaani panya, na mimi naitikia.