Ombi la Kurudishiwa Uchafu Kabla ya Jumamosi

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Ziwa,

Pokea salamu zangu, na poleni na kazi. Mimi ni fundi cherehani, mwenye kibanda cha bluu kinachotazama maji, pale boti yenu ya dawa inapofungwa. Mtaani wananiita Mamba. Sijawahi kugombana na ofisi yoyote, ila sasa yamenifika shingoni. Naomba, kwa heshima zote, mturudishie uchafu wetu kabla ya Jumamosi. Sababu zangu ni hizi:

1. Harufu. Ziwa lilipokuwa la kijani na linanuka, mteja aliingia kwangu kaziba pua, akapimwa kiuno harakaharaka, akaenda zake. Hakuna aliyebishana kuhusu pindo. Tangu mlipoanza kumwaga ile shabu, dawa yenu nyeupe, harufu imekwisha na watu wanashinda dirishani kwangu wakipiga soga. Wakishamaliza ya wenzao, wanaanza yangu.

2. Uwazi wa maji. Mtaalamu wenu alitueleza mkutanoni kwamba shabu hukamata chakula cha mwani na kukizamisha, mwani ukafa njaa. Sina elimu ya kumpinga. Lakini zamani mtu akiingiza mguu hakuona hata vidole vyake, na kila mmoja alikuwa huru kusema lolote kuhusu kina. Sasa chini kunaonekana. Nimechungulia. Ni mbali.

3. Hili ndilo linaloniuma. Katika mkutano huohuo, mtaalamu aliuliza nani ataingia majini wa kwanza Jumamosi, ili wananchi waone kuwa dawa haina madhara. Ukumbi mzima ukaita Mamba, na aliyeanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni kweli kwamba tangu nimchumbie dada yake nimekuwa nikisimulia nilivyokuwa nikilivuka ziwa hili, kwenda na kurudi, kabla ya chai ya asubuhi, na kwamba siku hizi kinachonizuia ni uchafu tu. Maelezo hayo yalikuwa yanatosha kabisa. Ofisi yako imeyaharibu bila hata kunishirikisha.

4. Ndoa yangu. Baba mkwe, ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote isipokuwa kuogelea, ameagiza nimshonee na yeye kaptura ili tuingie pamoja. Nimeishona, na mpira wa kiuno nimeweka ule mzuri. Sasa Ndugu Mkuu, nikizama mbele ya mzee yule, hata kuokolewa sitaki.

5. Amani ya nchi. Leo mmesafisha ziwa, kesho mtahamia mto. Mmewahi kujiuliza ni wanaume wangapi wanaheshimika majumbani mwao kwa sababu tu maji ya jirani ni machafu? Jirani yangu kinyozi husema angekuwa mvuvi hodari kama samaki wangekuwepo. Juzi samaki wameonekana. Tangu siku hiyo anapita njia ya nyuma.

Kwa hiyo naomba boti isitishe dawa mara moja, na uchafu uliozamishwa ukorogwe urudi juu. Kama ziwa zima ni kazi kubwa, nitaridhika na kipande cha kuanzia kibandani kwangu hadi gatini. Mti wa kukorogea nitautoa mimi.

Nisalimie mtaalamu, nahodha wa boti, na yule dada wa mapokezi aliyenipa kiti nilipokuja kulalamika kwa mdomo. Huku kwetu wote ni wazima, kwa sasa.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu,
Mamba, fundi cherehani

N.B. Kabla sijaileta barua hii, leo alfajiri mke wangu amenishika mkono mpaka majini, mtaa mzima ukiwa bado umelala. Akanilaza chali, akaweka kiganja chini ya mgongo wangu, akaniambia nilegee. Kumbe siri yangu anaijua tangu uchumba. Nilipomuuliza mbona miaka yote hii kaninyamazia, akasema angenifundishia wapi, na ziwa lilikuwa chafu vile? Nimeelea, Ndugu Mkuu. Dawa msisitishe, tafadhali, hata mkiongeza ni sawa. Ila Jumamosi naomba isogezwe mbele kidogo, maana kiganja bado hajakitoa.